Umedahiliwa kwa Masharti

Wiki jana niliwaacha chini ya turubai langu, watu na sahani zao mikononi, na wifi yangu amesimama katikati kashika simu yangu, akiuliza mbele ya mtaa mzima: “Masharti gani?”

Wewe uliyelipata gazeti hili likiwa limefungia sabuni, nakupa kwa ufupi. Mimi nakodisha viti, maturubai na masufuria ya shughuli. Mtaa unaniita Mama Maturubai. Kwenye harusi za watu mimi ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na hapo katikati nasikia mengi, na nikiyasikia sina tabia ya kuyaacha yaoze. Binti yangu wa mwisho, tunayemwita Kitinda, aliomba chuo cha uuguzi. Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu, kwa kuwa namba yangu ndiyo aliyoandikisha. Umedahiliwa.

Nilipoliona neno hilo sikusoma mbele. Nilifunga turubai, nikapanga viti, nikachinja, nikaita watu.

Mbele ya neno hilo kulikuwa na maneno mengine mawili. Kwa masharti. Mpaka leo nikiyasikia nataka kutema mate.

Basi wifi akauliza, “Masharti gani?” na sauti ya vijiko ikakatika.

Huyu wifi ni dada wa mume wangu. Mume mwenyewe ni dereva wa malori, na siku hiyo alikuwa safarini kama kawaida yake. Wifi hatoi kijiti cha meno mdomoni, awe anakula, anaomba dua au anamzika mtu. Watu wanamwita Kijiti. Mimi huwa nasema ni kama ile waifai ya hotelini: ananasa kila kinachopita hewani, na kila mtu anajiunga bure.

“Masharti nayajua mimi,” fundi cherehani akadakia, mdomo umejaa nyama. “Mganga mmoja aliniambia nikitoka kwake nisigeuke nyuma. Nikageuka kidogo tu kumtazama mke wa jirani, nikagonga nguzo. Jino hili hapa, mnaliona? Halipo.”

Watu wakacheka.

“Hayo ya mganga,” mwenye nyumba wangu akasema. “Masharti ya kweli ni ya mpangaji. Usipigilie misumari, usilete wageni, usifue jioni.”

“Na usilete maturubai kila siku,” mmoja akamalizia, wakacheka tena, wakanicheka mimi sasa.

Wifi hakucheka. Akahamisha kijiti kutoka shavu la kushoto kwenda la kulia.

“Chuo ni majengo,” akasema taratibu. “Majengo hayana masharti. Mwenye masharti ni mtu. Na mtu mwanamume akimwambia binti aliyekamilika, nitakupa nafasi kwa masharti, mnataka nimalizie?”

Hakuna aliyetaka amalizie. Kila mtu alikuwa ameshamalizia mwenyewe.

Kitinda alitoka jikoni na beseni la kunawia. “Shangazi, siyo hivyo. Masharti ni ya masomo. Mama, si nilikwambia siku ile matokeo yalipotoka? Ni hesabu.”

“Mwacheni mtoto, ana aibu,” mwanamke mmoja akasema.

“Angekuwa na aibu angesema hesabu?” mwingine akajibu. “Hesabu ndiyo lugha ya mafumbo ya wanaume hao wa maofisini.”

“Mama, soma ujumbe mpaka mwisho,” Kitinda akaniambia. “Wameandika nifike ofisini kwa msajili.”

“Ofisini kwa nani?” wifi akauliza.

“Kwa msajili.”

“Peke yako?”

“Ndiyo. Mwombaji afike mwenyewe.”

Loo. Angemwaga petroli, turubai lile lisingeshika moto kwa kasi ile. Afike mwenyewe. Ofisini. Maneno yakapita kiti kwa kiti, na kila kiti kikaongeza chumvi yake. Yalipofika safu ya nyuma, msajili alikuwa ameshakuwa na wake watatu na kitanda nyuma ya kabati la mafaili.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na nasema bila kujipaka mafuta. Mwanangu alikuwa anasema kweli, na sauti yake niliisikia. Lakini umati ukishapata hadithi tamu, ukweli unakuwa mkavu kama mkate wa juzi. Mimi nimelelewa na umati. Viti vikijaa, mimi naamini vilivyojaa.

“Nyamaza, Kitinda,” nikamwambia. “Ingia ndani.”

Akaweka beseni chini. Hakuliweka kwa nguvu. Akaingia ndani.

Na wageni, je? Waliendelea kula. Hicho ndicho kilichonitia kinyaa kuliko yote. Wananionea huruma kwa mdomo ule ule unaonyonya mfupa wangu. Fundi cherehani alinipa pole na mkono wa mafuta, akaufuta kwenye kitambaa cha kiti changu, kisha akauliza kama kuna supu.

“Na wako yeye kapata wapi, Kijiti?” mtu akamuuliza wifi. Binti wa wifi na Kitinda wamemaliza shule pamoja, dawati moja.

“Wangu anasubiri,” wifi akasema.

“Anasubiri nini? Posa?”

“Anasubiri tu.”

Nami nikacheka na wenzangu. Mungu anisamehe, nikaongeza na ya kwangu: “Mwache asubiri, mchumba mwenyewe huenda bado ananyonya.”

Wifi alitabasamu, kijiti kikasimama wima. Akaja akanikumbatia begani. “Wifi yangu,” akasema, “kesho mimi na wewe tunakwenda huko chuoni. Mtoto abaki. Wanawake wazima tukaseme naye.”

Nikaona nimepata ndugu.

Asubuhi Kitinda alikuwa ameshapiga pasi blauzi yake nyeupe.

“Unakwenda wapi?” nikamuuliza.

“Ofisini kwa msajili. Nimeitwa mimi, mama.”

“Leo hutoki. Naenda mimi na shangazi yako.”

“Mkaseme nini?”

“Tukaseme kinachosemwa.”

“Mama, leo ndiyo mwisho wa kuthibitisha.”

“Kuthibitisha nini? Unataka kuthibitisha fedheha?”

Akanitazama kama mtu anayetazama sufuria iliyoungua, anafikiria aisugue au aitupe. Akakaa kitandani. Nikatoka, nikafunga mlango wa nyumba kwa nje kwa komeo, bila kufuli, kama tulivyozoea enzi tulipofuga mbuzi.

Chuo chenyewe kilikuwa jengo refu lenye rangi ya maziwa yaliyoganda, na ukumbi wenye mabenchi. Vijana wamejaa, wameshika vyeti ndani ya mifuko ya plastiki, kila mmoja anatoka jasho juu ya jina lake. Feni moja inazunguka ikilalamika. Palinuka dawa ya kufutia sakafu, na chini ya dawa palinuka kile ambacho dawa ilikuwa imeshindwa.

Mlango wa msajili ulikuwa wazi. Wifi akaingia bila kubisha. Nikamfuata.

Msajili alikuwa anakula mayai ya kuchemsha. Mtu mnene, shati limeshika mgongo, leso yenye unyevu imekunjwa shingoni. Mbele yake bakuli la maganda. Anamenya yai kwa kidole gumba, anachovya kwenye chumvi aliyoimwaga juu ya gazeti, anameza nusu, anaongea na nusu. Kando yake katibu wake, mwanamke wa miwani, alikuwa anachapa kwenye kompyuta bila kumwangalia, kama aliyekwisha kujifunza asimwangalie.

“Karibuni,” msajili akasema. Kipande cheupe kikaruka, kikatua mkononi mwangu.

Nilikipangusa kwenye sketi, nimekunja pua.

“Tumekuja kwa habari ya Kitinda,” nikasema, nikataja na jina lake la shule. “Yule mliyemwandikia masharti.”

Katibu akatafuta, akamwonyesha jina kwenye kioo cha kompyuta. Msajili akaitikia kwa kichwa. “Namkumbuka. Binti mzuri huyu.”

Wifi akanibana kiwiko.

“Hayo masharti ni makubwa kiasi gani?” nikauliza.

“Siyo makubwa, mama. Wengi wanaingia kwa njia hiyo.”

“Wengi.”

“Wengi, na wasichana hasa. Wanakuja kwangu hapa jioni, wengine wakishaondoka, nakaa nao. Siku ya kwanza wanalia. Wakizoea, wenyewe wanaomba niwaongezee muda.”

Wifi alikuwa anatazama dari, kijiti kinacheza.

“Na asipotaka?”

“Asipotaka anakosa nafasi. Sharti ni sharti.” Akachovya yai. “Mimi nikiridhika naye, nampeleka kwa mkuu wa chuo.”

“Mkuu wa chuo naye?”

“Naye humpima kidogo. Ajiridhishe.”

“Mimi mama yake siwezi kufanya badala yake?” Nilimuuliza hivyo kumtega, nione kama ana haya.

Akacheka, akanitazama juu mpaka chini. “Mama, kwa umri huo utaweza?”

Wapenzi wasomaji, mimi nimebeba masufuria ya kupikia watu mia, mikono yangu si ya mchezo. Nilichukua lile bakuli la maganda nikalimimina mapajani pake. Na chumvi juu. Yai lililobaki likabingirika chini ya meza.

“Kapime mama yako,” nikamwambia. “Kapime dada zako jioni wakilia. Mwanangu haingii kwa masharti yenu. Nafasi yenu tunaikataa. Umesikia wewe na kompyuta yako? Tunaikataa.”

Nilipaza sauti. Ukumbini mabenchi yalinyamaza yote, hata feni nadhani ilisikiliza. Wifi akapaza ya kwake, “Mwambie wifi, mwambie, tumeikataa,” halafu akarudia lile neno la mwisho kwa mkazo, akimgeukia katibu, kama mtu anayetaka liandikwe.

Msajili hakusimama. Aliokota maganda mapajani, moja moja, akiyarudisha kwenye bakuli.

“Umeikataa, mama?”

“Nimeikataa.”

“Haya,” akasema. Akamgeukia katibu. “Mwombaji mwenyewe aitwe athibitishe kwa kinywa chake kwamba anakataa. Na wakati huo mpigie anayefuata kwenye orodha ya kusubiri. Mwambie akae tayari.”

Katibu akanyanyua simu ya mezani. Akabonyeza namba. Akasubiri.

Mkoba wa wifi ukaanza kuimba.

Wimbo ule naujua, ni ule wa harusi, mimi ndiye niliyemwekea. Ukaimba, ukaimba. Wifi akaubana mkoba kwapani kama kuku.

“Wifi, simu,” nikasema.

“Achana nayo. Ni wale wa matangazo.”

Mkoba ukanyamaza. “Hapokei,” katibu akasema.

“Jaribu tena.”

Akabonyeza. Mkoba ukaimba.

Jamani, mimi si msomi. Lakini kazi yangu ni kusikia, na sauti mbili zikiitana mbele yangu sihitaji kalamu. Wangu anasubiri. Tulivyocheka. Anasubiri nini, posa?

“Orodha ya kusubiri,” nikamwambia msajili, ulimi mzito, “ndiyo kitu gani?”

“Mama, mlikuja kugombana hata hamjui mnagombania nini?” Akajifuta shingo kwa ile leso, akaikamua. “Tukimaliza kupokea maombi tunawagawa. Kuna wanaokubaliwa moja kwa moja. Kuna wanaokubaliwa kwa masharti, kama wako. Kuna wa kusubiri, hao wamefaulu ila viti vimejaa, akitoka mtu anaingia mtu. Na kuna wanaokataliwa. Kila mmoja tunampelekea ujumbe wake. Hata anayesubiri tunamweleza vizuri anasubiri nini.”

Anamweleza vizuri. Kumbe nyumbani kwa wifi ujumbe ulisomwa mpaka mwisho.

“Na masharti ya wangu?”

“Hesabu,” akasema. “Amefaulu yote, hesabu ikampungukia. Muuguzi asiyejua kugawanya ataua mtu kwa sindano. Kwa hiyo anaingia, lakini kwanza aje jioni, nimfundishe hesabu na wenzake, afanye mtihani wangu. Mimi nikiridhika, mkuu anampima kwa maswali yake. Ndiyo masharti. Wewe ulidhani nini?”

Katibu alivua miwani, akanitazama. Alikuwa ameelewa nilichodhani. Akakunja uso kama mtu aliyefunua chungu akakuta funza.

Na mimi kinyaa kile kile kikanishika. Mayai yalikuwa mayai tu, na jasho la yule mzee lilikuwa jasho tu, la mtu anayefundisha watoto wa watu jioni kwenye chumba kisicho na hewa. Uchafu wote niliouona mle ndani niliingia nao mwenyewe, nimeubeba kutoka chini ya turubai langu, moto moto, na nimeupakua kwa mkono wangu.

Nikamgeukia wifi. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, hakuwa na kijiti mdomoni. Alikuwa amekishika mkononi, anakitazama ncha.

“Ulijua,” nikamwambia kwa sauti ya chini.

“Nilijua nini, wifi? Mimi nimekusindikiza tu. Uliyemwaga mayai ni wewe.”

“Na uliyeniambia kuhusu wanaume na masharti?”

“Niliuliza. Nilisema, mnataka nimalizie? Ukamalizia wewe na mtaa wako.” Akaingiza mkono kwenye mkoba, ukachezacheza humo ndani. “Tena ulisema wa kwangu mchumba wake ananyonya. Umesahau?”

Nilimsogelea msajili. Nikasema maneno ambayo sijawahi kumwambia mwanamume, hata niliyezaa naye. Nikamwambia nimekosea, anisamehe, nitampa kila siku mayai mapya, mwanangu asikose nafasi kwa ulimi wangu.

“Mama, wewe huna ulimi kwenye jambo hili,” akasema, na nadhani aliona raha kidogo kusema hivyo. “Anayekataa ni mwombaji. Anayethibitisha ni mwombaji. Kelele za mzazi haziingii kwenye kompyuta. Lakini leo ndiyo siku ya mwisho. Asipofika kabla hatujafunga, nafasi inahamia kwa anayesubiri.”

Nikakumbuka komeo.

“Nampigia jirani amfungulie,” nikasema, natafuta simu. “Nampigia sasa hivi.”

“Hakuna haja,” katibu akasema. Alikuwa amesimama mlangoni, ametoka kuliita jina ukumbini. “Yupo hapa.”

Kitinda alikuwa kwenye benchi la kwanza, karibu kabisa na mlango, vyeti mapajani, blauzi nyeupe ina michirizi ya kutu kifuani. Alipitia dirisha la stoo. Sikumuuliza amefika saa ngapi. Mabenchi yote yalikuwa yananitazama mimi kisha yanamtazama yeye, na msichana aliyekaa karibu naye alikuwa amejisogeza pembeni kidogo. Kidogo tu. Nimewasogeza watu wengi hivyo maishani mwangu, najua kipimo chake.

Akaingia. Akamwamkia msajili, akamwamkia katibu, akamwamkia shangazi yake. Akainama, akaokota yai chini ya meza, akalitia kwenye bakuli.

“Binti,” msajili akasema, “mama yako anasema mnakataa.”

“Mimi sikatai. Nathibitisha. Na masharti nayakubali.”

Nikajibwaga kwenye kiti cha wageni, kikalia. Nikataka kumshika mkono. Ukawa haushikiki.

“Vizuri,” msajili akasema. “Sasa, anayeingia kwa masharti lazima awe na mdhamini.”

“Amefanya kosa gani?” nikaropoka. Kwetu mdhamini ni mtu wa kituo cha polisi.

“Mtu mzima wa kusimama naye,” msajili akasema, bila kunitazama. “Nikimwita anakuja, binti akikosa somo namuuliza yeye. Anasimama naye mpaka masharti yatimie. Mdhamini akijitoa katikati, nafasi inaondoka. Nani anamdhamini?”

“Mimi,” nikasema, nimeshasimama. “Mama yake mzazi.”

“Mzee,” Kitinda akasema, “na mimi nina sharti moja.”

Msajili akaacha kujifuta.

“Asiwe mama.”

Alilisema bila hasira. Ningependa angepiga kelele, kelele nazijua.

“Kitinda, mwanangu.”

“Awe shangazi,” akasema. “Yeye jana aliuliza tu. Wewe ndiye uliyenifungia.”

Nikaona kila kitu kwa mpigo, kama mtu anayeona gari linarudi nyuma na mtoto yuko nyuma yake. Mdhamini akijitoa, nafasi inaondoka. Ikiondoka, inahamia kwa anayesubiri. Na anayesubiri analala nyumba moja na mdhamini.

“Usimpe huyu,” nikasema. “Nisikilize. Binti yake ndiye anayefuata kwenye orodha. Alijua tangu jana maana ya masharti, alijua yote, amenileta hapa nikatae ili wake aingie. Nimeisikia simu yake kwa masikio yangu.”

Kitinda alinitazama. Halafu akakunja pua, polepole, kama nilivyoikunja mimi nilipoingia chumba kile.

“Hata hapa, mama?” akasema. “Mbele ya watu hawa, baada ya yote uliyosema, hata hapa bado umbea?”

“Siyo umbea. Ni kweli. Mpigie,” nikamwambia katibu. “Ile namba ya anayesubiri. Mpigie tena, mwanangu asikie.”

Katibu akasita, akabonyeza. Tukasubiri sote. Mkoba wa wifi ulikuwa umetulia kwapani, kimya kama kaburi lililosakafiwa.

“Haipatikani,” katibu akasema.

Msajili alitikisa kichwa kwa huruma, na huruma yake ilinuka yai. Akamgeukia wifi.

“Mama, unakubali kusimama na binti huyu mpaka masharti yake yatimie?”

Wifi alirudisha kijiti mdomoni. Akamzungushia Kitinda mkono begani, pale pale na vile vile alivyonikumbatia mimi jana chini ya turubai.

“Nakubali,” akasema. “Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Shangazi yako anajua kusubiri.”